Rumba ya ukumbini na rumba ya Matanzas: jina moja, ngoma mbili

Santuri_Kuukuu (mwanzisha uzi)

Wadau wa muziki, habari za jioni.

Kila ukizuka mjadala wa rumba tunaishia kubishana kati ya Franco na Kabasele, wale magwiji wa Kongo, nani alikuwa mkali zaidi. Leo naomba tuanzie mbali, Cuba, kwa sababu kuna jambo linaniuma. Ile dansi inayoitwa rumba katika mashindano ya Ulaya na Marekani, ya mwendo wa pole, mwanamume na mwanamke wameshikana, viuno vikizunguka na majaji wamesimama pembeni, kwa asili yake si rumba. Ni son na bolero zilizopewa jina la ngoma nyingine. Na wenye ngoma hiyo, watu weusi wa Matanzas na Havana, hakuna aliyewauliza.

Rumba yenyewe ilikua katika nusu ya pili ya karne ya 19. Utumwa ulikomeshwa Cuba mwaka 1886, na waliokuwa watumwa wakamiminika mijini kutafuta vibarua, wengi wao bandarini, kupakia sukari na kupakua shehena. Walikaa katika nyumba zinazoitwa solar: vyumba vingi vinavyotazamana, ua mmoja katikati, bomba moja la maji. Aliyekulia nyumba ya kupanga Kariakoo au Majengo hahitaji picha. Rumba ilipigwa kwenye ua huo.

Ngoma za Kiafrika zilikuwa zikipigwa marufuku mara kwa mara, basi watu walichukua makasha ya mbao, yakiwemo yale yaliyoletwa na samaki wa chumvi, wakayapiga. Kasha hilo linaitwa cajón na mpaka leo lina heshima yake. Baadaye zikaja ngoma ndefu za mapipa, hizi ambazo bendi zetu zinaziita tumba. Ongeza vijiti viwili vya clave vinavyoshika mapigo, fimbo zinazogonga kipande cha mwanzi, mwimbaji na waitikiaji. Basi. Hakuna gitaa, hakuna tarumbeta, hakuna kinanda.

Rumba hiyo ina matawi matatu. Yambú ni ya taratibu, wachezaji wanajinyonganyonga kama wazee. Guaguancó ni ya kasi zaidi: mwanamume anamzunguka mwanamke akimvizia, kisha ghafla anarusha kiuno, mkono, mguu au hata leso kuelekea kwake, na mwanamke anajikinga kwa sketi au kiganja. Pigo hilo linaitwa vacunao, na kwenye yambú halipo. Columbia ni ya mashambani kwenye viwanda vya sukari vya Matanzas, kwa desturi ni ya mwanamume mmoja anayeshindana na mpiga ngoma ndogo, quinto: mguu unauliza, ngoma inajibu.

Angalieni: katika matawi yote matatu hakuna anayemkumbatia mwenzake.

Son ni kitu kingine. Imetoka mashariki ya kisiwa, upande wa Santiago, ikiwa na gitaa, tres (gitaa dogo la Kikuba), bongo na maraka, na watu wakiicheza wawili wawili wameshikana. Ilifika Havana mwanzoni mwa karne ya 20, wenye nacho wakaidharau, na kufikia miaka ya 1920 wakawa wanaicheza wao wenyewe. Bolero nayo ni ya Santiago, nyimbo za mapenzi za wapiga gitaa, tangu enzi za Pepe Sánchez katika miaka ya 1880.

Sasa tukio lenyewe. Aprili 1930, bendi ya Don Azpiazú kutoka Havana ilipanda jukwaa la Palace Theatre, New York, mwimbaji akiwa Antonio Machín. Wakapiga "El Manisero", wimbo wa Moisés Simons kuhusu mchuuzi wa karanga anayenadi mtaani. Mwezi uliofuata wakaurekodi kwa kampuni ya Victor. Kwa muundo, wimbo ule ni son iliyojengwa juu ya mwito wa mchuuzi. Lakini kwenye santuri waliandika rumba, tena pamoja na neno foxtrot ili mnunuzi Mmarekani ajue atasogezaje miguu. Santuri ikauzika ajabu, na kuanzia hapo kila kitu kilichotoka Cuba kikaitwa rumba, wengine wakiongeza herufi h katikati ili lionekane la kigeni zaidi.

Kwa nini walichagua neno hilo? Kwa sababu lilikuwa tayari limeshachezewa Havana kwenyewe. Michezo ya vichekesho jukwaani, hasa kwenye ukumbi wa Alhambra, ilikuwa na desturi ya kumalizia kwa "rumba" iliyopambwa, na kabareti zikaiga kwa mashati ya mikono yenye marinda. Jina lilinukia tafrija, usiku na viuno. Muuza santuri hakuhitaji zaidi ya hapo. Mwaka 1935 Hollywood wakatoa filamu yenye jina hilo hilo, George Raft na Carole Lombard wakicheza, na kiongozi wa bendi Xavier Cugat akawa anawachezesha matajiri katika hoteli ya Waldorf-Astoria. Jina likaganda.

Na sisi lilitufikia kwa njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Uingereza ilianza kuuza Afrika mfululizo wa muziki wa Cuba wenye herufi GV. Ya kwanza kabisa katika mfululizo huo ilikuwa ile ile ya mchuuzi wa karanga. Vijana wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville waliusikia muziki huo, wakaona umeandikwa rumba, wakauita rumba. Hawakukosea chochote. Walisoma kilichoandikwa.

Karibuni tujadili.

---

Mwana_Katanga

Kaka Santuri, aksanti sana kwa kazi hii. Nipo Lubumbashi na baba yangu alikuwa na hizo GV.

Lakini naona umeanza safari katikati. Kabla ya Havana kulikuwa na ufalme wa Kongo. Kwa Kikongo kitovu ni nkumba, na wazee wetu wanasimulia juu ya ngoma ya mwanamume na mwanamke iliyochezwa vitovu vikikaribiana. Watu walichukuliwa kwenye majahazi ya utumwa, wakaenda na ngoma yao, Wahispania wakalitamka jina kwa ulimi wao likawa rumba. Kisha santuri zikairudisha nyumbani. Ndiyo maana mwaka 1948 mwimbaji wetu Wendo alipotoa "Marie-Louise" hakuna aliyeshangaa, na ndiyo maana UNESCO waliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni mwezi Desemba 2021 kwa nchi zote mbili, Kinshasa na Brazzaville. Kwetu hili si jambo la lebo ya santuri. Ni mtoto aliyerudi.

---

Santuri_Kuukuu

Ndugu yangu wa Katanga, nimekusoma kwa makini, na kwa sehemu kubwa nipo upande wako.

Kuhusu mwili wa ngoma, Kongo ipo ndani ya rumba ya Cuba, tena waziwazi. Kulikuwa na ngoma inaitwa yuka, ya watumwa waliotoka maeneo ya Kongo, iliyochezwa kwenye mashamba ya miwa. Ndani yake mwanamume anamfukuzia mwanamke na kumalizia kwa pigo la kiuno, na vacunao ya guaguancó ni mjukuu wa pigo hilo. Angola kuna semba, Brazil wana ngoma za kugonganisha vitovu, na samba yenyewe inahusishwa na huko. Ukoo huo hauna ubishi.

Ninaposita ni kwenye jina. Kwa Kihispania kuna neno rumbo, lenye maana ya mwelekeo lakini pia mbwembwe na ufahari, na wanaisimu wengi wa Kihispania wanalipeleka rumba huko. Cuba neno hilo lilitumika kwa sherehe yoyote ya mtaani kabla ya kuwa jina la ngoma maalumu. Nkumba na rumba yanafanana sikioni, lakini kufanana pekee hakunitoshi kuapa. Uhusiano wa damu tumeshauona kwenye yuka, hatuhitaji jina kutupa ushahidi.

Na kuna jambo naomba usiliache lipite. UNESCO waliiandika rumba ya Cuba peke yake mwaka 2016, katika kikao kilichofanyika Addis Ababa, na ya Kongo peke yake mwaka 2021. Ile ya Cuba ni makasha na clave. Ile ya Kongo ni magitaa, sauti za kupokezana na sebene, ile sehemu ya magitaa kuchangamka ili watu wacheze. Hata kwenye daftari la dunia ni ngoma mbili.

---

Mwalimu_Hatua

Habari zenu. Mimi nafundisha dansi za ukumbini hapa Nairobi, na uzi huu umegusa kazi yangu, kwa hiyo nisikilizeni na upande wa sakafuni.

Santuri ameeleza jina lilivyohama. Ngoja niongeze lililotokea kwenye miguu, maana huko nako kulikuwa na ugomvi. Marekani ya miaka ya 1930 ilijifunza rumba ya mraba: unachora kisanduku sakafuni, upande, funga, mbele, upande, funga, nyuma. Ni rahisi, mgeni anaipata usiku mmoja. London walikuwa nayo hiyo pia. Kisha mwalimu mmoja aliyejulikana kama Monsieur Pierre, akifundisha pamoja na Doris Lavelle, alikwenda Havana mwaka 1947. Akakuta Wacuba hawafanyi kisanduku chetu, wala hawaanzi pale tunapoanza. Hatua ya kusogea inaangukia pigo la pili, na pigo la kwanza wanaliachia kiuno.

Kwa anayetaka kuelewa: mapigo ni manne. Unatembea mbili, tatu, nne, na kwenye moja mguu unakuwa umeshatua, uzito unaendelea kuingia polepole, goti linanyooka, nyonga inazunguka na kutulia. Mwanafunzi mpya huona kama anachelewa. Hachelewi. Nyonga yenyewe hairushwi, inatokana na goti na uzito. Ukiirusha majaji wanakuona papo hapo.

Pierre alirudi London akaanza kufundisha hivyo, akaiita rumba ya Kikuba. Wenye rumba ya mraba wakakataa katakata. Miaka ya 1950 walimu walibishana kwelikweli, nani afundishe nini, mitihani ifuate ipi. Mwishowe ya Kikuba ikashinda, ndiyo iliyomo leo katika dansi tano za Kilatini za mashindano: samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jive. Mwendo wake umepangwa kati ya baa 25 na 27 kwa dakika, kila baa ikiwa na yale mapigo manne. Marekani wao wamebaki na kisanduku katika mtindo wao mpaka leo.

Kwa hiyo kaka Santuri, nakubali kwamba jina si la dansi hii. Lakini usiseme kama vile hapa hakuna kitu. Kuna watu waliokwenda kwa wenyewe, wakatazama, wakauliza, wakarekebisha. Walichokwenda kukitazama ni son na bolero, sawa, ila walikitazama kwa heshima. Mimi rumba ya ukumbini naipenda kuliko zote tano, kwa sababu haina pa kujificha. Samba unaweza kuficha udhaifu kwa kasi. Rumba ikienda polepole vile, kila kosa la mguu linaonekana, na kama wawili hawasikilizani inajulikana kabla hawajafika katikati ya ukumbi.

---

Santuri_Kuukuu

Mwalimu, asante. Hili la pigo la pili nilikuwa nalisikia kwenye muziki bila kujua mguu unafanya nini. Dansi yenu nyinyi siidharau hata kidogo. Ninachodai ni mwanafunzi aambiwe. Akitoka darasani ajue kwamba kuna yambú, guaguancó na columbia, na kwamba kuna wazee Matanzas wanaozipiga mpaka leo, kundi la Los Muñequitos wakiwemo, tangu miaka ya 1950. Mtu anaweza kushinda kombe la rumba bila kuwahi kusikia clave ya rumba ikipigwa. Hilo kwangu si sawa.

---

Kasoro_Bahari

Wanangu, nawasalimu kutoka Morogoro.

Mmezungumza ya New York na London, sasa niwape ya kwetu, maana haya ya jina la ngoma kuhamia kwenye dansi tumeyafanya sana.

Kwanza hili neno dansi. Sisi tulilitumia kutenganisha. Ngoma ilikuwa ya uwanjani, ya unyagoni, ya mavuno. Dansi ilikuwa ya ukumbini: suti, viatu vimeng'arishwa, tiketi mlangoni, wawili wawili. Dar es Salaam klabu za dansi zilikuwepo tangu miaka ya 1930, watu wakicheza foxtrot na waltz, na ziliposhuka santuri za GV ikaingia rumba. Hapa Morogoro Salum Abdallah aliipenda Cuba hata bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Alifariki mwaka 1965, Juma Kilaza akaichukua akaiendeleza. Vijana wa wakati ule hawakuwa na shaka kwamba wanacheza kitu kizuri kilichotoka kwa watu weusi wenzao ng'ambo, na hilo lilikuwa na maana kubwa kwetu tukiwa bado tunatawaliwa.

Kisha tukaanza mitindo. Kila bendi lazima iwe na mtindo wake, na jina unalitoa wapi? Kwenye ngoma za wazee. NUTA Jazz wakachukua Msondo. Mlimani Park walipoanza mwaka 1978 wakaja na Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Maquis wao wakaleta Kamanyola, jina la mahali huko Kivu. Sasa ingia ukumbini, utakuta magitaa matatu, besi, tumba, ngoma za Kizungu na matarumbeta. Uliza Mzaramo wa Kisarawe kama ile ndiyo sikinde aliyochezeshwa bibi yake.

Tofauti ninayoiona ni hii. Msondo na Sikinde majina yalichukuliwa na watu wa hapa hapa. Wanamuziki walikulia kwenye ngoma hizo, na aliyekuwa ukumbini alijua jina limetoka wapi. Bibi yake angeweza kumwambia. Yule wa New York mwaka 1930 angemuuliza nani?

---

Mwana_Katanga

Mzee Kasoro Bahari, shikamoo. Swali lako la mwisho limenikaa.

Na nikubali jambo moja: si kila gitaa la Kongo ni rumba. Sisi wa Katanga tulikuwa na wapiga gitaa wetu walioimba Kiswahili, Jean Bosco Mwenda aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa mbele yao. Ule ni mti mwingine kabisa, vidole viwili juu ya nyuzi, bila GV. Leo mtu wa nje akisikia gitaa lolote la Kongo anasema rumba. Jambo lile lile analolilalamikia Santuri, safari hii limetukuta sisi.

---

Pembe_ya_Sakafu

Wakuu shikamooni. Samahani kwa kuingilia, naomba kuuliza. Cha-cha-cha nayo ni hadithi hiyo hiyo ya kubandikwa jina? Maana naifahamu kupitia "Indépendance Cha Cha" tu.

---

Mwalimu_Hatua

Hapana, mdogo wangu, cha-cha-cha ina bahati. Jina lake ni la kwake na limetoka miguuni.

Enrique Jorrín, mpiga fidla wa Havana, alikuwa katika Orquesta América mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliona wachezaji wengi wanashindwa na dansi ya Kikuba iitwayo mambo, mapigo yalikuwa yanawakwepa. Akatunga nyimbo zenye mapigo yaliyonyooka zaidi. Wachezaji wakaanza kuweka hatua tatu za haraka, na viatu vikikwaruza sakafu vilitoa sauti: cha, cha, cha. Jina likatoka hapo. "La Engañadora" ndiyo iliyoipeleka mbali, mwaka 1953. Watu wa ukumbini, mwanamuziki wao na miguu yao, wote Havana.

Ile ya Kabasele na African Jazz ilitoka Brussels mwaka 1960, wakati viongozi wa Kongo wapo kwenye mkutano wa meza ya duara kudai uhuru. Walioimba walijua wanachofanya: wimbo wa kuchezeka, ili habari ifike hata kwa asiyesoma gazeti.

Foxtrot kwa mfano ni jambo jingine, jina lake huhusishwa na msanii wa jukwaani, Harry Fox, New York mwaka 1914, ingawa waliolieneza hasa ni Vernon na Irene Castle wakiwa na bendi ya James Reese Europe, mwanamuziki mweusi ambaye hatajwi inavyostahili. Huyo anastahili uzi wake.

---

Pembe_ya_Sakafu

Asante sana mwalimu. Na bolero ilikwenda wapi? Kama rumba ya ukumbini ina bolero ndani yake, mbona jina bolero halisikiki?

---

Santuri_Kuukuu

Swali zuri. Lipo, ila limegawanyika. Katika mtindo wa Kimarekani wa mashindano bolero ni dansi yake yenyewe, imesimama kando ya rumba, ya polepole zaidi, yenye kupanda na kushuka. Kwenye mtindo wa kimataifa anaoufundisha mwalimu imemezwa ndani ya rumba. Mwanadansi yule yule akivuka bahari anaweza kuambiwa kwamba anachocheza kina jina jingine.

Kinshasa waliokuwa makini zaidi ni wachapaji wa santuri. OK Jazz ya Franco na African Jazz ya Kabasele walirekodi bolero nyingi, na chini ya jina la wimbo palichapwa mtindo: rumba, bolero, cha-cha-cha. Ukisikiliza kwa mpangilio huo unaanza kusikia tofauti, bolero ikiacha nafasi kubwa kati ya mapigo, sauti ikining'inia.

Kwa hiyo nawaomba wenye santuri za zamani nyumbani, za kampuni za Kinshasa za Ngoma, Opika, Loningisa, hata zile za kwetu za Nairobi na Dar. Zisomeni chini ya jina la wimbo pameandikwa mtindo gani, mpige picha lebo, mlete hapa. Mzee Kasoro Bahari, kama kuna Cuban Marimba iliyobaki kabatini naomba tuanzie kwako.

---

Kasoro_Bahari

Zipo, mwanangu. Nyingine zimekwaruzika lakini lebo zinasomeka. Kesho mchana mwanga ukiwa mzuri mjukuu wangu atapiga picha.